Bangili ya Mama Mkwe

Fundi hakuogopa kitu kinachoonekana kwa macho. Msumari ukimwingia kidoleni aliuchomoa kwa koleo huku hadithi yake inaendelea, wala utamu haukupungua. Lakini umwambie apimwe! Presha, sukari, macho, hata uzito tu kwenye mizani ya dukani, bwana yule mguu niponye. Mkewe aliwahi kusema kwamba hata mshona suti akimjia na futi, Fundi hubana pumzi mpaka futi iondoke. Watu walidhani anampakazia. Hakuwa anampakazia.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa karakana ya makochi nyuma ya duka la vioo. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, gundi inanuka tangu mlangoni, sponji zimerundikwa mpaka juu, na vumbi limetua kila mahali, mpaka kwenye kikombe cha chai usipokifunika. Walikuwa wanne. Seremala alitengeneza fremu, Mshonaji alishona vitambaa na kununa, Mama Mashine alisaga vipande vya sponji vya kujazia mito, na Fundi alifanya kazi iliyobaki pamoja na maneno yote. Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja. Jioni vumbi likishamtulia kwenye kipara, aligeuka njano kama embe bivu.

Asubuhi moja akaingia binti mmoja amevaa raba, mkoba mgongoni, tabasamu usoni. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Akaeleza kwa upole kwamba anazunguka kwenye karakana, maofisini na majumbani kuangalia kemikali za kuzuia moto zinawafikia watu kwa kiasi gani.

"Kuzuia moto?" Mama Mashine akadakia. "Si jambo jema hilo? Au mwenzetu unataka tuungue?"

Mtafiti akacheka. "Nia ilikuwa njema, mama. Sponji inashika moto upesi, kwa hiyo viwanda vikawa vinachanganya dawa humo ili sigara ikidondoka kitini, kiti kisilipuke. Zimo kwenye makochi, kwenye viti vya magari, hata kwenye maganda ya televisheni. Shida ni kwamba nyingine hazitulii zilikowekwa. Zinatoka kidogokidogo, zinaingia kwenye vumbi, vumbi linashika mikono, mikono inakwenda mdomoni. Huko mwilini baadhi yake zinachokoza homoni. Na watoto wadogo ndio wanaozipata zaidi."

"Kwa nini watoto?" Mshonaji akauliza.

"Wewe unatambaa sakafuni halafu unalamba mkono?"

"Siku hizi nimeacha," akajibu Mshonaji, na wenzake wakageuka kumtazama, maana tangu aanze kazi pale hakuna aliyewahi kumsikia anatania.

Mtafiti akafungua pakiti za bangili za mpira, za kijivu, nyepesi, kama zile za wanamichezo. Kila mtu avae yake wiki nzima. Asiivue akioga, asiivue akilala. Bangili itanasa kinachoelea kuizunguka, halafu maabara wataisoma na kusema ni nini na ni kingi kiasi gani.

Wenzake wakanyoosha mikono. Fundi akauficha wake mfukoni. Aliona mambo mawili, yote mabaya: maabara wanamwambia ana ugonjwa wenye jina refu, halafu wakubwa wa mji wanakuja na kufuli kufunga karakana. Mtafiti alisisitiza kwamba hakuna atakayefungiwa kazi, majibu ni ya kwao wenyewe ili wajue la kufanya. Fundi alimtazama kama unavyomtazama muuguzi anayesema sindano haiumi. Akaivaa bangili, akasema ahsante, na binti alipokata kona tu akaivua na kuirudisha kwenye pakiti yake.

"Si umeambiwa usivue?" Mama Mashine akamwuliza.

"Inanibana mishipa."

"Mpira huo? Unavutika mpaka unaingia kichwani!"

"Kichwa changu unakijua ukubwa wake?" akasema Fundi, akaenda zake kupiga pini kochi la watu.

Lakini kutwa nzima kazi haikukaa mikononi. Bangili ikirudi tupu watajua hakuivaa. Ni lazima ivaliwe, ila ivaliwe na mtu msafi. Msafi kupindukia, ili majibu yatoke meupe kama shuka la hoteli na karakana ipone. Na kama kulikuwa na mtu msafi mji mzima, basi ni Mama Mkwe.

Jamani, mama yule! Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na sebule, lakini ukiingia ulijikuta unanong'ona. Alifagia jua halijatoka, akapiga deki jua likitoka, na mchana akapitisha kitambaa. Inzi wa nyumba ile walikuwa wapita njia, hakuna aliyekuwa na makazi. Hata mjukuu wake, mtoto wa Fundi, aliyeshinda pale wakati mamake yuko zamu kwenye kiwanda cha sabuni, alirudi jioni ananukia kuliko mamake. Mtoto huyo walimwita Bonge, na ukimwona huulizi kwa nini.

Na kati ya Fundi na mama yule kulikuwa na mambo. Mama alitaka binti yake aolewe na karani wa benki, mtu wa tai. Binti akaolewa na mtu wa gundi. Mwaka mzima mama hakumwita mkwewe jina lolote zaidi ya "yule bwana," hata akiwa amekaa mbele yake. "Mwulizeni yule bwana kama atakunywa chai." Fundi akainywa hiyo chai na kila funda linamkwama. Ndipo akaapa kumtengenezea kochi ambalo mtaa haujaliona. Akalitengeneza kweli: refu, mgongo wa juu, mikono minene, kitambaa cha zambarau iliyokoza. Mama akakaa, akajibonyeza, akainuka, akakaa tena.

"Sponji gani hii?"

"Mpya, mama. Ya kiwandani, daraja la kwanza."

Mama akaegemeza mgongo. "Ahsante, mwanangu," akasema.

Fundi alitoka nje akalia kidogo nyuma ya tangi la maji. Usimwambie mtu.

Ukweli ni kwamba sponji ile haikuwa mpya hata chembe. Ilitoka kwenye viti vya mabasi mabovu na vya ofisi zilizobomolewa, aliinunua mzigo mzima kwa pamoja. Ilikuwa nzito, haibonyei ovyo, na yeye kwa moyo mmoja aliamini ni bora kuliko mpya. Lakini alisema mpya. Na tangu siku hiyo akawa "mwanangu," neno alilolipenda kuliko nyundo zake zote.

Basi jioni ile alimkuta Mama Mkwe kwenye kochi lake, miguu juu ya kigoda, tamthilia inaendelea. Bonge amesimama pembeni, ameushika mkono wa kochi kwa mikono miwili na kuutafuna kwa meno yake mapya.

"Mwanangu, hili vumbi litaniua," mama akaanza hata kabla ya salamu. "Hapa chini ya kochi. La njano. Nalifuta leo, kesho lipo. Nadhani linatoka ng'ambo kwa Mama Kamati, yule na ufagio hawasalimiani."

"Upepo huo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeshika nini?"

"Zawadi yako." Akaitoa bangili. Mama akaigeuza huku na huku, akainusa.

"Ya nini?"

Hapo Fundi alikuwa hajajiandaa. Njia nzima aliwaza atampa nani, hakuwaza atasema nini. Macho yake yakaangukia goti la mama, lile lililomsumbua kila mvua ikikaribia. "Ya viungo," akasema. "Inavuta maumivu. Unaivaa wiki nzima, huivui."

"Hata kuoga?"

"Hata kuoga."

"Huwa wanavaa kina nani hizi?"

"Wanamichezo, mama. Wale wakubwawakubwa."

Mama akaivaa, akaunyoosha mkono mbele ya televisheni, akauangalia kwa mbali na kwa karibu. "Wengine wana watoto wa kuzaa," akasema, "lakini zawadi mpaka zitoke kwa mkwe."

Ungedhani Fundi angeona haya. Aliona, lakini kidogo, na baada ya chai ikapita.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Kesho yake maumivu ya goti yakapungua. Keshokutwa mama akashuka ngazi za mbele bila kushika ukuta. Mwisho wa wiki alikuwa anavuka barabara mara mbili kwa siku bila shughuli yoyote, ili tu watu wamwone anavyotembea. Mama Kamati wa ng'ambo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakukuwa na kamati ya mtaa asiyokuwemo, alikuja mwenyewe kuishika ile bangili.

"Mkweo hana nyingine?"

"Mkwe wangu hagawi kwa watu," Mama Mkwe akamjibu, akiuvuta mkono wa gauni ambao wala haukuwa umeifunika bangili. "Ananiletea mimi."

Sasa wiki ikaisha na Fundi akaja kuichukua. Hapo ndipo alipoonja joto ya jiwe.

"Mama, ile bangili naiomba."

"Unaiomba kwa nani?" Mama akaufunika mkono kwa mkono wa pili.

"Inatakiwa…" Fundi akaiona soketi ukutani. "Inatakiwa ikachajiwe."

Mama akaisogeza kwenye mwanga, akatafuta tundu. "Inachomekwa wapi?"

"Wana mashine yao maalumu."

Akaivua polepole kama mtu anayevua pete ya ndoa. "Wasinicheleweshee. Goti limeshaanza kuuliza."

Majibu yalichukua muda, na kila jioni Mama Mkwe aliulizia kama chaji haijajaa. Fundi akawa anamjibu kwamba umeme kule ni wa kukatikakatika. Uongo wake ulikuwa umeshazaa na kujukuu, lakini moyoni alikuwa na amani. Alijua bangili yake itatoka safi kuliko zote.

Siku mtafiti aliporudi, aliweka kompyuta yake juu ya meza ya kukatia vitambaa, wakaizunguka. Kwenye kioo palikuwa na nguzo nne za rangi, kila mtu na yake. Mtafiti akaanza na Mama Mashine. Akamwambia yake iko juu, na si ajabu kwa mtu anayesaga sponji kutwa. Avae barakoa, anawe kabla ya kula, na chakula chake asikiache karibu na mashine.

"Nilijua mimi ndiye wa kwanza," Mama Mashine akasema kwa majivuno, kama mtoto aliyeshinda mbio.

"Hapana, si wa kwanza. Yupo aliyekupita, na amekupita mbali." Mtafiti akagusa nguzo ndefu iliyokaribia kutoboa juu ya kioo. "Hii ni ya Fundi."

Tabasamu la Fundi lilibaki usoni peke yake, mwenyewe alishaondoka.

"Mimi?"

"Wewe. Na kinachonishangaza zaidi ni aina yake. Wenzako wamepata mchanganyiko wa sponji za siku hizi. Zako ni zile za zamani, ambazo viwanda vingi vilishaziacha. Zinatoka kwenye sponji kuukuu iliyoanza kuvunjikavunjika. Hapa karakanani sizioni kwa kiasi hicho. Wiki ile ulikuwa unashinda wapi?"

"Hapahapa."

"Kutwa kucha yuko hapa," Seremala akamshuhudia. "Tunamwomba aondoke, haondoki."

Mtafiti akakuna kichwa. "Halafu bangili inanasa na vitu vingine, huwa tunaviona tu. Yako ina dawa ya kuchua ya maumivu ya viungo, nyingi sana. Ina manukato ya waridi." Akasogea karibu na kioo kuhakikisha. "Na ina rangi ya nywele."

Macho yote yakapanda taratibu kutoka usoni kwa Fundi mpaka kwenye kipara.

Mama Mashine ndiye aliyeanza. Yule hakucheka, alianguka. Mshonaji akalaza kichwa juu ya cherehani, mabega yanaruka. Seremala, machozi yanamtoka, akajitahidi kuuliza, "Unaipaka wapi, Fundi? Tuambie tu, sisi ni ndugu zako!"

Lakini Fundi hakuwasikia. Alikuwa anaona kochi la zambarau. Alikuwa anaona vumbi la njano linalofutwa leo na kesho lipo, na meno mapya ya Bonge yamezama kwenye mkono wa kochi. Akakaa juu ya rundo la sponji, halafu akainuka upesi kama aliyekalia makaa.

"Mtoto akitafuna?" akauliza.

"Akitafuna nini?"

"Kochi."

Kicheko kikakatika. Mtafiti akafunga kompyuta, akavuta kigoda akakaa. Fundi akamweleza yote, bangili, goti, viti vya mabasi, mbele ya wenzake wote, na kijasho kikamtiririka kutoka utosini bila kizuizi. Binti hakumfokea, na afadhali angemfokea.

"Mtoto hataanguka leo wala kesho," akamwambia. "Si sumu ya namna hiyo. Ni kidogokidogo, siku baada ya siku, mwili ungali unakua. Kwa hiyo la kwanza ni kuliondoa kochi lenyewe. Usilichane ndani, vumbi litajaa nyumba nzima. Usilichome, moshi wake ni mbaya zaidi. Na usimpe mtu mwingine. Lizungushie nailoni, nitatuma gari la chuo lilichukue. Halafu mfute kila kitu kwa kitambaa kibichi, na mtoto anawe mikono, anawe sana."

Fundi akashika njia. Na kabla hajafika mbali, uongo mpya ukamjia wenyewe bila kuitwa. Atamwambia mama kwamba kochi linakwenda kubadilishwa kitambaa. Basi! Litaondoka, atamtengenezea jingine linalofanana nalo kwa sponji safi, Bonge atapona, na yeye atabaki mwanangu. Hakuna atakayejua. Uongo ulikuwa mzuri, una miguu na mikono, na alipofika mlangoni alishaukariri.

Mama Mkwe akafungua mwenyewe, mkono keshaunyoosha. "Imejaa?"

Nyuma yake Bonge alikuwa amelala chali juu ya kochi, miguu hewani, anamchekea baba yake. Kwenye kidevu kilicholowa mate palikuwa na punje za njano.

Fundi akajaribu kuusema uongo wake. Mdomo ulifunguka, haki ya Mungu, lakini kilichotoka kilikuwa kingine. "Mama, nimekukosea," akasema, na akaendelea mpaka mwisho akiwa amesimama palepale mlangoni, viatu miguuni, kitu ambacho nyumba ile ilikuwa haijawahi kukiona.

Mama alisikiliza bila kupepesa. Fundi alipomaliza, mama akamwinua Bonge, akampakata, na akazungumza na mtoto.

"Mwulize yule bwana, hii sponji ilikuwa mpya?"

Fundi alihisi kama amepigwa kofi. "Haikuwa mpya, mama."

"Mwulize, alijua?"

"Kwamba ni kuukuu nilijua. Kwamba ina madhara, sikujua. Ningejua nisingemweka mwanangu juu yake, wala wewe."

Mama akampeleka Bonge kwenye sinki. Akamnawisha mikono, kidevu, akamfungua mdomo akamfuta ulimi kwa kona ya kitambaa, akarudia tena tangu mwanzo. "Mimi," akasema. "Mimi ninayepiga deki mpaka watu wananicheka! Nafuta vumbi huku, halafu namchukua mtoto namlaza juu ya mzizi wa vumbi. Na yule maskini wa Mungu wa ng'ambo nikamsingizia kwamba hafagii." Akalia waziwazi, bila kujificha, na Fundi akalia naye, kila mmoja kwenye kona yake, Bonge katikati anawatazama kwa zamu.

Kisha mama akajipangusa uso. "Litoke," akasema. "Sasa hivi."

Wakati huo Seremala na Mama Mashine walishafika na nailoni, wakisema wamekuja kusaidia, ingawa uso wa Mama Mashine ulionyesha kwamba amekuja kusikia. Wakalizungushia kochi nailoni, wakalibeba, wakalifikisha mlangoni. Likakataa. Wakalilaza ubavu, likakataa. Wakalisimamisha wima, likakwaruza dari na bado likakataa. Ndipo Fundi alipokumbuka kwamba kochi lile halikuingia kwa mlango, aliliungia mlemle sebuleni ubao kwa ubao.

"Tulikate," Seremala akashauri.

"Si yule mtafiti amesema lisichanwe ndani?" Mama Mkwe akamjibu. Akalitazama kochi, akautazama mlango, mlango alioupaka rangi kila mwaka kwa mkono wake mwenyewe. "Vunjeni mlango."

"Mama, fremu hii ni ya mbao ngumu, imeshikana na ukuta…"

"Nimesema mvunje. Au nishike nyundo mimi, na goti hili?"

Wakavunja. Fremu ikang'oka na tofali zake, plasta ikamwagika juu ya sakafu iliyokuwa inang'aa, vumbi jeupe likajaa sebule nzima, na mama yule, ambaye angekuandama kwa punje ya sukari, hakulitupia hata jicho. Alisimama na Bonge kifuani, amemfunika uso kwa shali yake, mpaka kochi lilipotoka nje kwenye jua.

Akamsogelea mkwewe. Bado hakumtazama usoni. "Na ile bangili haina dawa?"

"Haina, mama."

"Mbona goti lilipona?"

"Sijui, mama."

"Mwongo mkubwa," akasema mama. "Mpaka uongo wako unatibu."

Seremala akacheka, akajutia. Lakini nyundo zile zilishauita mtaa. Watu walikuwa wamejaa barabarani, na mbele yao, kama kawaida, Mama Kamati, mikono kiunoni.

"Jirani, vipi? Kochi zuri namna hii mnalitupa wapi? Mkilichoka si mnipe mimi, likae na langu alilonitengenezea Fundi, yafanane!"

Fundi akamtazama Mama Mkwe. Mama angeweza kumjibu jirani yake lolote, na kila mtu alijua kwamba mbele ya Mama Kamati hajawahi kukubali hata kikombe chake kimepasuka. Badala yake alimgeukia Fundi, akamwachia jibu.

Ule uongo wa kitambaa ulikuwa bado upo, umesimama tayari kama gari lililowashwa. Fundi akauacha.

"Halifai, mama," akamwambia Mama Kamati. Sauti ilikuwa ndogo, akaipandisha. "Nililijaza sponji kuukuu ya viti vya mabasi nikasema ni mpya. Ina kemikali za kuzuia moto, zinatoka na vumbi, si nzuri kwa watoto. Ni kosa langu, si la mtu mwingine."

Mama Kamati akacheka kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa utani. Mwisho haukuja. Kicheko kikamtoka usoni polepole, mikono ikashuka kutoka kiunoni. Kwake kulikuwa na wajukuu pacha, na muda huohuo, mtu akikaa kimya, alizisikia kelele zao ng'ambo wakiruka juu ya kiti.

"Na langu?" akauliza.

Fundi alijua. Ule mzigo wa sponji aliutumia mpaka ulipokwisha, na hakuna kochi alilolisahau katika maisha yake.

"Ni mzigo uleule, mama."

Nyuma kwenye watu sauti ya kiume ikauliza, "Na letu, lile la kijani?" Mwingine akauliza la mamake. Kisha kila mmoja akawa anaiwazia sebule yake. Fundi akabaki katikati ya barabara na nyundo mkononi, akiwaona wote, na kazi ya maisha yake ikimtazama kutoka kila dirisha. Alitamani mtu amtukane tu yaishe.

Mama Mkwe akamkabidhi Mama Mashine mtoto. Akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, akashuka barabarani huku anachechemea, akasimama karibu na mkwewe kiasi kwamba mabega yaligusana.

"Tunaanza na la Mama Kamati," akatangaza, ili mtaa usikie. "Halafu la kijani. Kwenye kila mlango utasema mwenyewe kama ulivyosema kwangu. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Mama, mguu wako…"

"Mguu wangu ni wangu. Tangulia."

Fundi akatangulia. Wakavuka barabara, yeye na nyundo, mama nyuma yake, na Mama Kamati akawapita mbio kwenda kuwashusha pacha kutoka kwenye kochi.